Mafuta ya Cherehani

Pedali ya klachi ilikuwa imelala sakafuni na haitaki kuamka. Dereva aliingiza ncha ya kiatu chini yake, akainyanyua, ikapanda shingo upande kama mtu aliyetumwa dukani wakati wa usingizi. Akaikanyaga tena. Ikalala tena.

"Wiki iliyopita ilikuwa laini, unakanyaga kama unakanyaga godoro," alimwambia fundi. "Leo inanata. Sasa ipi afadhali?"

"Hakuna afadhali hapo," fundi alijibu kutoka uvunguni. "Zote ni homa, ila hii ni ya pili."

Ilikuwa Alhamisi jioni, jua bado lipo. Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya chumba chao cha barabarani, ambacho mchana kilikuwa duka la kushonea na usiku chumba cha kulala. Gari lenyewe halikuwa lao. Lilikuwa la dada yake dereva, muuza magodoro, na yeye alipewa aliendeshe kwa mkataba na shule moja ya watoto wadogo. Kwa mkataba huo binti yao wa miaka saba alisoma bila ada. Sharti lilikuwa moja: gari likikosa kufika siku mbili katika muhula mmoja, shule inatafuta gari lingine. Siku ya kwanza ilikwisha kuliwa na pancha.

Fundi alitoka uvunguni akafungua boneti. Akachungulia kikombe cha plastiki kilicho karibu na kioo, akakigonga kwa kucha.

"Pampu ya chini inavuja, nimeona majimaji. Lakini kikombe kimejaa mpaka mstarini. Nani ameongeza?"

"Mimi sijagusa," dereva alisema, kisha akageukia mlango wa duka. "Mama nanii! Wewe si ndiye bingwa wa maboneti? Umetia kitu humu?"

Fundi akacheka. Mteja aliyekuwa anasubiri kupunguziwa sketi naye akacheka, ingawa hakujua anacheka nini.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, mguu juu ya kikanyagio. Kila alfajiri ndiye aliyefuta vioo vya gari, akapima oili ya injini, akatazama maji. Kazi hiyo alifundishwa na mumewe, na aliipenda kuliko alivyoonyesha. Lakini mwezi uliopita alitia sabuni ya kuoshea kioo kwenye rejeta, na dereva akaenda kuihadithia kijiweni. Wiki nzima madereva wakipita dukani walimwuliza kama injini imetakata.

Siku tatu zilizopita alikuta kile kikombe kimeshuka chini ya mstari. Chupa ya mafuta ya kikombe hicho ilikuwa tupu, mumewe yuko bafuni, watoto wa shule wanasubiri. Akatazama mezani kwake. Mafuta ya cherehani yalikuwa mepesi, meupe, hayana hata chembe ya uchafu. Yeye mwenyewe alitumia tone moja moja kwa kuyaonea huruma. Akamimina nusu chupa. Asubuhi ile pedali ikawa imara, na mumewe akasema, "Leo limeamka vizuri." Alishinda siku nzima na furaha asiyoweza kumwambia mtu.

Sasa wote watatu walikuwa wanamtazama, na yule mteja alikuwa bado na kicheko mdomoni.

"Sijatia kitu," alisema.

"Basi ni upepo," alisema fundi. "Au raba za ndani ya pampu zimechoka. Niachie gari kesho asubuhi."

"Kesho asubuhi nina watoto."

"Basi mchana."

"Mchana nawarudisha haohao. Kesho ni Ijumaa, nimalizie siku moja tu. Jumamosi lote lako, hata ukitaka kulala nalo."

"Na breki zikoje?"

"Breki ziko sawa. Ngumu kidogo tu."

"Ngumu?" Fundi alitaka kuuliza zaidi, lakini simu yake ikaita, mtu mwenye lori alikuwa anagomba, akaondoka anajitetea huku anafuta mikono kwa gazeti.

Dereva akabaki anaitazama pedali. "Nikatie kipande cha ule mkanda wa mabegi," alimwambia mkewe. "Nitakifunga hapa. Ikilala naivuta kwa mkono, kama ng'ombe."

Alimkatia. Alishona kitanzi mwishoni, mishono miwili, kisha wa tatu juu yake. Mashine ilipokuwa inalia alifikiri: nimwambie sasa. Mashine iliponyamaza, mteja wa sketi alikuwa bado yupo.

* * *

Asubuhi alimvalisha binti soksi, akampa begi, akamfuata mumewe mpaka mlangoni mwa gari. Injini ilikuwa inaunguruma. Dereva alijaribu kamba yake: akakanyaga, akavuta, pedali ikapanda. Akatabasamu peke yake.

"Baba nanii."

"Ee."

"Nilikuwa nataka kusema..."

"Sema basi, saa inakimbia."

Alimtazama usoni. Ulikuwa uso wa mtu aliyekwisha chelewa na anayetafuta wa kumlaumu. "Nenda polepole," alisema.

"Nikienda polepole nafika nimechelewa. Na usinipigie pigie simu nikiwa na watoto. Juzi ulinipigia kuniuliza kitunguu."

Binti akapunga mkono kutoka kiti cha mbele. Gari likaondoka, gia ya kwanza ikilia kama bati linalokatwa.

* * *

Haikupita nusu saa fundi akapita kuchukua suruali yake iliyokuwa imewekwa zipu mpya.

"Shemeji, imekubali?"

"Imekubali."

Fundi akaipandisha zipu, akaishusha. "Hii inafanya kazi kuliko klachi ya mumeo."

Mkewe dereva hakucheka. Alikuwa anakunja suruali nyingine ambayo haikuhitaji kukunjwa. "Shemeji, nikuulize. Kama mtu angetia mafuta mengine kwenye kile kikombe. Masafi lakini. Klachi ingeharibika?"

"Masafi ya nini?"

"Tuseme ya cherehani."

Fundi alitazama meza. Chupa ilikuwa pale pale, nusu. "Tuseme," alirudia polepole, "au yametiwa?"

Akaisukuma chupa nyuma ya cherehani.

"Sasa nimeelewa kwa nini ilikuwa inanata." Hakuwa na hasira, alizungumza kama anasoma. "Mafuta haya yanavimbisha raba. Raba ikivimba inabana ndani ya pampu, ukikanyaga pedali hairudi. Lakini klachi si kitu, shemeji. Klachi ikifa gari linasimama, watu wanasukuma, basi. Gari lile klachi haina kikombe chake. Inachota kwenye kikombe cha breki."

"Cha breki?"

"Hichohicho kimoja. Ulichoinywesha klachi, breki nazo zimekunywa." Akajipiga paja. "Na aliniambia ni ngumu! Nikamsikia, nikapokea simu. Ngumu maana yake zinabana, zinapata moto, na zikishapata moto hakuna breki tena. Yuko wapi saa hizi?"

Mkewe dereva alitazama saa ya ukutani. Njia aliijua kwa vituo: ghala, kona ya msikiti, soko. Baada ya soko barabara inateremka moja kwa moja mpaka darajani, na hapo malori hupanga foleni. "Anatoka sokoni," alisema. "Anakwenda mteremkoni."

Akapiga. Simu iliita mara mbili ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa kabla haijaita vizuri. Mara ya tatu sauti ya mashine ikamwambia namba haipatikani.

"Amezima," alisema, na sauti yake yenyewe ikamshangaza, ilivyokuwa ndogo.

"Kuna mwingine ndani?"

Kulikuwa na mlezi, mwanamke wa makamo aliyekaa na watoto, ambaye wote walimwita Shangazi. Namba yake haikuwa kwenye simu. Ilikuwa ukutani, kwa chaki, kati ya namba za wateja wengine, chini ya vipimo vyake: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Tarakimu ya mwisho ilikuwa imefutika nusu. Ilikuwa tatu au nane. Akajaribu tatu. Mwanamume akapokea, anatafuna. Akakata. Akajaribu nane.

* * *

"Nani? Fundi wangu!" Shangazi alipokea kwa furaha, mtoto mmoja kalala mapajani. "Usiniambie gauni langu limeungua pasi."

"Shangazi, mwambie asimame. Sasa hivi."

"Mkeo anasema usimame."

"Mwambie niko kazini," alisema dereva bila kugeuka.

"Anasema yuko kazini."

"Breki hazifai, Shangazi. Kuna mafuta mabaya ndani. Nimetia mimi. Mwambie nimetia mimi."

Tangu sokoni Shangazi alikuwa anasikia harufu ya kuungua, akadhani ni takataka za kando ya barabara. Sasa alivuta pumzi vizuri. Harufu ilikuwa humu humu. Akabonyeza sauti ya nje, akainyoosha simu mpaka kwenye bega la dereva.

"Nini tena?" dereva alisema.

"Nilitia mafuta ya cherehani kwenye kile kikombe. Fundi yuko hapa. Anasema ndicho kikombe cha breki."

"Jana nilikuuliza mbele ya watu."

"Nilisema uongo."

"Na leo umechagua kuniumbua mbele ya watoto."

"Simama kwanza. Utanitukana baadaye, nitakaa nikusikilize."

Dereva alikaza taya. Kweli gari lilikuwa zito tangu nyumbani, kama kuna mtu nyuma analivuta shati, lakini alijiambia ni klachi. Nyuma yake pikipiki zilipiga honi. "Hapa hapasimamiki," alisema. "Nikivuka daraja nitasimama, niangalie."

"Kabla ya daraja," alisema Shangazi. Utani ulikuwa umemtoka. Akamwamsha mtoto wa mapajani, akamketisha, akasimama mwenyewe akishika kiti. "Mimi nashuka na watoto wangu hapa. Simamisha."

Ili wanawake wanyamaze, dereva akakanyaga breki.

Pedali iliyokuwa ngumu kama jiwe ilizama. Ilizama kama mguu kwenye tope, ikafika chini, na gari likaendelea na safari yake. Kwa mazoea mguu wa kushoto nao ukakanyaga klachi, klachi ikalala, injini ikaachana na magurudumu, na gari likawa jepesi ghafla. Watoto waliendelea kuimba. Mbele, hatua sitini hivi, palikuwa na kibao cha mteremko.

"Haishiki," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Mkewe aliisikia. Fundi akamnyang'anya simu. "Breki ya mkono! Vuta, lakini usiikwapue! Na nyanyua klachi, inyanyue, injini ikamate!"

Dereva aliachia usukani kwa mkono mmoja, akaivuta ile kamba kwa kitanzi chake. Mishono ilishika. Klachi ikapanda, injini ikanguruma, gari likajikwaa lenyewe na watoto wote wakaanguka mbele. Akarudisha mkono kwenye breki ya mkono, akaivuta jino kwa jino. Gurudumu la kushoto lilisugua ukingo wa barabara kwa mlio mrefu. Wakasimama, pua ya gari ikiwa imepita kile kibao kwa urefu wa mkono. Lori lililobeba mchanga likawapita likipiga honi.

Dukani, simu ilileta vilio vya watoto kumi na mmoja kwa pamoja. Mkewe dereva alisimama na sikio juu yake, anachambua kilio kimoja kimoja, mpaka akakipata cha binti yake.

"Nimegonga pua," sauti ya binti ilikuwa inamlalamikia Shangazi. "Na begi langu limemwagika."

Akakaa chini sakafuni, kati ya vipande vya vitambaa. Fundi akasema, "Wamesimama, shemeji. Wamesimama," mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

* * *

Shuleni, dereva alimweleza mwalimu mkuu kwamba alisikia harufu, akashuku, akachukua hatua. Mwalimu mkuu alimsifu mbele ya wazazi waliokuja kuchukua watoto. Alisema madereva wa namna hiyo ni wachache, siku hii haitahesabiwa, ila Jumatatu gari lije limetengenezwa na fundi aandike kwa mkono wake kwamba ni zima. Habari hizo mkewe dereva alizipata kwa Shangazi, aliyekuja kujaribu gauni na kulivaa bila kulitazama.

"Na wewe hukutajwa hata kwa bahati mbaya," alisema Shangazi.

"Ningetajwa kwa lipi? Mimi ndiye niliyetia sumu."

"Kwa yote mawili, mwanangu."

Nyumbani dereva hakumtukana. Hilo ndilo lililomtisha. Alikula, akaweka sahani chini, akasema, "Kesho dada anakuja," akalala akielekea ukutani.

* * *

Wifi alifika Jumamosi saa tatu, kwa miguu, na mkoba wake kifuani. Fundi alikuwa amelifungua gari tangu alfajiri. Juu ya gunia alipanga raba alizozitoa, za klachi na za magurudumu yote manne. Zilikuwa zimevimba, zimelegea, kama maharage yaliyosahaulika majini.

"Nani kafanya hivi?" wifi aliuliza.

"Mke wangu," alisema dereva. "Alitia mafuta ya cherehani. Mimi sikujua."

Wifi hakumgeukia. Alimwuliza kaka yake kana kwamba mwenyewe hayupo. "Huyu shule aliishia wapi?"

"La saba."

"Ndiyo maana."

Fundi aliinamia raba moja, akaigeuza geuza. Mkewe dereva alikuwa amesimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni. Kwa kawaida angeingia ndani, kulikuwa na kazi. Alishuka ngazi moja ya mlangoni.

"Wifi, la saba walinifundisha kusoma. Chupa ya breki ilikuwa imeisha na sikuuliza. Hilo kosa langu. Nikaulizwa nikasema uongo, na hilo langu." Akamtazama mumewe. "Lakini shuleni umesema ni wewe uliyegundua. Hapa unasema mimi ndiye niliyeharibu. Wifi asikie yote mawili pamoja. Nilitia mimi. Na gari nililisimamisha mimi."

"Unanijibu mbele ya dada yangu?"

"Nakujibu mbele ya mwenye gari."

Wifi akamtazama fundi. Fundi hakupenda kutazamwa. "Nilikuwepo," alisema hatimaye. "Alipiga mara tatu. Mara mbili akakatiwa, ya tatu simu ikazimwa."

"Ulizima simu," wifi alimwambia kaka yake, "una watoto kumi na mmoja ndani."

"Nilikuwa naendesha."

"Na mtoto wako wa kumzaa." Wifi alifungua mkoba, akatoa noti, akazihesabu mara mbili, akamkabidhi fundi. "Raba nanunua mimi. Ufundi mtalipa ninyi wawili, nusu kwa nusu. Nilinunua gari, sikununua magomvi ya nyumba hii." Kisha, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akamgeukia mke wa kaka yake, akamtazama kuanzia futi hadi kandambili. Hakusema samahani. Alisema, "Kama kuna kiti nipe, nitasubiri lipone."

* * *

Saa nane raba mpya zilikuwa ndani, mabomba yameoshwa, mafuta sahihi yamo kikombeni. Ikabaki kutoa upepo. Fundi aliingia uvunguni, dereva akakaa kwenye usukani. Kazi ilikuwa rahisi kueleza: wa juu anakanyaga klachi na kuishikilia, wa chini anafungua skrubu, upepo unatoka na mafuta, anafunga, ndipo wa juu anaachia. Akiachia mapema, bomba linavuta upepo upya.

"Kanyaga. Shikilia."

Dereva alikanyaga. Akashikilia kidogo, kisha mguu ukajiachia wenyewe, mguu uliozoea kubadilisha gia miaka kumi na tano.

"Umeachia!"

"Sijaachia."

"Upepo umerudi huku, unabisha nini?"

Wakarudia. Mara ya nne fundi akatoka uvunguni, uso umerashiwa mafuta. "Shuka, kaka. Kwa mwendo huu Jumatatu itatukuta hapa. Shemeji! Njoo wewe, nataka mguu wenye subira."

Mkewe dereva alitazamana na wifi aliyekuwa kwenye kiti mlangoni. Wifi akainua kidevu kuelekea gari. Akaenda. Kiti cha dereva kilikuwa na joto la mwenzake, na alilazimika kukaa ukingoni ili mguu ufike kwenye pedali. Dereva alisimama nje ya mlango uliokuwa wazi, mikono kiunoni, karibu mno.

"Kanyaga," fundi alisema kutoka chini.

Akakanyaga mpaka mwisho.

"Shikilia."

Akashikilia. Chini kulisikika spana ikigeuka, kisha mlio mwembamba wa upepo ukitoka, unakatika, unatoka tena. Fundi alinung'unika kitu peke yake. Skrubu ilikuwa haitaki kufunga. Muda ukapita. Paja likaanza kumwaka.

"Inatosha," alisema dereva. "Achia."

Mkewe alitazama mbele, kwenye kioo.

"Mama nanii, nimesema achia. Mimi ndiye dereva, najua."

Goti lilianza kutetemeka. Akalishika kwa mikono yote miwili, akalibana chini, na akasubiri sauti ya mtu wa uvunguni.